Kabla ya Kuongeza Mzigo wa Majani, Tengeneza Hori la Mbuzi

Mbuzi hali chakula kilichokanyagwa wala kilicholoweshwa na mkojo, hata akiwa na njaa. Ndiyo maana unaweza kuleta mzigo mzima wa mabingobingo asubuhi, na jioni ukakuta sehemu kubwa imegeuka matandiko. Wengi wakiona hivyo huongeza mzigo. Ushauri wangu ni kutengeneza kwanza hori, yaani chombo cha kulishia kilichoinuliwa kutoka chini.

Nafuga mbuzi wa maziwa Mgeta, milimani Uluguru, ambako mbuzi wa Norwei waliletwa miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mashamba yetu yako kwenye miteremko mikali, kwa hiyo mbuzi hukaa bandani na majani huwafuata kichwani mwa mtu, mara nyingi mama au mtoto aliyetoka shule. Inaniuma sana kuona jasho hilo likikanyagwa.

Tena kuna minyoo. Mayai yake hutoka na kinyesi, na mbuzi anayeokota chakula chini hujirudishia ugonjwa ule ule uliomnunulia dawa. Vitoto ndivyo huumia zaidi, kwa minyoo na kwa kuhara. Kwa asili mbuzi ni mla vichaka, anayekula akiwa ameinua kichwa, ndiyo maana hori la juu linamfaa.

Sasa vipimo. Mbuzi mkubwa mpe nafasi ya sentimita 40, hivyo wanne wanahitaji hori la sentimita 160. Usiwabane. Penye nafasi ndogo mbuzi mbabe hufukuza wenzake, na yule mnyonge huzidi kukonda huku wewe ukidhani anaumwa. Hori lenyewe ni sanduku refu lisilo na mfuniko, upana sentimita 30, kina 25, limepigiliwa nje ya ukuta wa banda. Kitako chake kiwe juu ya sakafu anayosimama mbuzi kwa sentimita 30 hadi 40. Toboa matundu madogo kwenye kitako ili maji yasituame. Pumba na mashudu wape kwenye beseni wakati wa kukamua.

Kazi kubwa iko kwenye fito za mbele, zile mbuzi anazopitishia kichwa. Mafundi wengi huzisimamisha wima. Mimi nazipigilia mshazari, kwa sababu mbuzi huingiza kichwa kwa kukiinamisha upande, na akitaka kukitoa lazima akiinamishe tena. Matokeo yake hutafuna kichwa kikiwa humo humo, badala ya kunyakua tawi, kurudi nyuma na kuliangusha. Nafasi kati ya fito na fito ipime kwa kamba kwenye kichwa cha mbuzi wako mkubwa kuliko wote, kisha ongeza kidogo. Kwa wasio na pembe mara nyingi huwa kama sentimita 15. Wenye pembe usiwawekee fito hizo kabisa, watanasa. Wao wapigilie ubao mmoja chini na mti mmoja juu, vyote vya kulala, wapitishe kichwa katikati. Vitoto vitapenya popote, kwa hiyo vitengenezee chumba chao na hori lao la chini zaidi.

Mianzi na miti ya mkaratusi inatosha. Nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, au mbao zenye rangi ya zamani, usizitumie, maana mbuzi atazitafuna. Dumu lililopata kubeba dawa ya shambani lisikaribie banda, hata ukiliosha mara ngapi. La mafuta ya kula, likipasuliwa kwa urefu na kingo zake zikalainishwa, linafaa kwa vitoto.

Paa la banda lirefushwe lifunike hori, kwani majani yaliyonyeshewa huota ukungu. Wapo wanaoshauri hori kubwa la kuhifadhi chakula cha siku mbili. Sikubaliani nao: mbuzi hunusa kwanza, na majani yaliyolala hayataki. Afadhali kujaza kidogo mara mbili kwa siku, na kila asubuhi kufagia mabaki yaende kwenye mboji. Majani ya mihogo yanyaushwe kwanza juani kabla ya kuwekwa humo, yakiwa mabichi yana sumu. Chumvi jiwe ifungwe pembeni mwa hori, usawa wa mdomo, mahali ambapo mvua haifiki.