Maswali kwa Fundi Bomba: Kutu, Pampu na Shoti ya Friji

*Shikamoo fundi. Nyumba yetu ipo mlimani Isamilo, Mwanza, ya zamani, mabomba ni ya chuma. Asubuhi maji hutoka mekundu, na jikoni yanachuruzika tu. Tumeshauriwa tufunge pampu. Ni sawa?*

Marahaba. Msifunge pampu kabla ya kupima. Fungueni bomba baada ya mita (mita na kilicho kabla yake ni vya mamlaka ya maji, msiviguse), jazeni ndoo ya lita 20 huku mkihesabu muda. Kisha jazeni ndoo hiyohiyo jikoni. Ikijaa kwa dakika moja na nusu kwenye mita, na dakika sita jikoni, maji mnayo. Tundu la bomba ndilo limezibwa na kutu. Pampu itapasua bomba kwenye meno (panapofungwa kiungo), kwani hapo chuma kilishakonda tangu kilipokatwa.

Kubadilisha kipande kinachovuja tu nako ni kupoteza pesa. Ukikaza spana kwenye kiungo kimoja, cha jirani hukatikia ndani ya ukuta. Bomba la zamani lizibwe na kuachwa humo, jipya lipite njia yake kuanzia kwenye mita.

Kwenye saizi ndipo wengi wanapoharibu. PPR (bomba la plastiki linaloungwa kwa moto) hupimwa kwa nje. Ile nene ya milimita 20, yenye daraja la presha PN20, ina tundu la kama milimita 13, wakati chuma kipya cha nusu inchi kina kama 16. Kwa hiyo njia kuu iwe ya 25, na 20 ibaki kwa tawi la koki moja. Bomba la 25 lipashwe ncha sekunde 7 kwenye mashine ya nyuzi 260, kisha lisukumwe moja kwa moja ndani ya kiungo bila kuzungushwa. Likipashwa mno, plastiki hujikunja ndani na kuziba tundu. Lijaribiwe kwa presha usiku kucha kabla ya plasta.

Panapopita juu ya mawe, jua litalikausha hadi lipasuke. Hapo tumieni chuma kipya, au lifunikeni kwa zege.

*Fundi, tumebadilisha mabomba ya chuma kuwa plastiki hapa Kirumba. Tangu hapo friji inatupiga shoti. Vinahusiana?*

Inawezekana sana, na ni hatari. Chomoeni friji leo, msiiguse. Katika baadhi ya nyumba za zamani waya wa ethi ulifungwa kwenye bomba la maji, na plastiki haipitishi umeme kwenda ardhini. Fundi umeme mwenye leseni achimbie fimbo mpya ya ethi na kuipima, kisha atafute umeme unavujia wapi kwenye friji yenyewe.