DAX kwenye ext4: kwa nini rekodi zimegeuka sifuri umeme ulipokatika?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ofisini tumenunua seva iliyokwishatumika, yenye moduli za Intel Optane za GB 128, yaani kumbukumbu isiyopoteza data umeme ukizimika. Nimeziweka kwenye modi ya fsdax kwa ndctl, zana ya kuzipanga, nikaunda mfumo wa faili wa ext4 na kuimaunti kwa -o dax, ili programu ifikie moduli moja kwa moja (DAX). Programu yangu ya C inaandika rekodi za miamala kwenye faili moja: nimeitanua kwa ftruncate, kisha nikaifungua kwa mmap (inayoiweka faili kwenye anwani za kumbukumbu) na MAP_SHARED. Kila rekodi ikiisha naita clwb na sfence, amri za prosesa za kuitoa data kwenye kache na kusubiri hilo limalizike. Msync, ya kuilazimisha faili ihifadhiwe, siiti, maana nilisoma kwamba kwenye DAX haina kazi. Juzi umeme ulikatika, na rekodi za sekunde chache za mwisho zote ni sifuri. Moduli zimekufa, au DAX bado haijakomaa?

JIBU: Nzuri, ndugu. Moduli zako ni nzima, na DAX imefanya kile ilichoahidi. Tatizo liko kwenye ule mstari wa mmap.

Kwa faili ya kawaida, mmap hukupa kurasa za RAM, na kerneli huzipeleka diskini baadaye kwa wakati wake. DAX inaondoa hiyo kache ya kurasa: anwani unayoandikia ni moduli yenyewe. Ndiyo maana clwb na sfence zinatosha kwa data. Clwb inausukuma mstari wa kache wa baiti 64 kutoka kwenye prosesa, na ukishafika kwa kidhibiti cha kumbukumbu, ADR, kinga ya umeme iliyomo kwenye seva, inahakikisha unaingia kwenye moduli hata umeme ukizimika. Kwa hiyo baiti zako zilifika salama. Huenda bado zipo kwenye moduli hadi sasa, ila hakuna anayejua kuwa ni za faili yako.

Ftruncate haitengi bloku hata moja. Inaandika ukubwa tu na kuacha tundu. Programu inapogusa ukurasa mpya kwa mara ya kwanza, ext4 ndiyo inatafuta bloku, inaisafisha kwa sifuri na kuiandika kwenye ramani ya faili. Mabadiliko hayo ya ramani hukaa kwanza kwenye RAM, yakisubiri jarida la ext4 (daftari la mabadiliko ya mfumo wa faili) liyathibitishe, kazi ambayo kwa kawaida hufanyika kila sekunde 5. Clwb haina habari na jarida. Umejenga nyumba imara kwenye kiwanja ambacho hati yake bado iko mezani kwa karani. Umeme ulipokatika, jarida lilirudi kwenye hali yake ya mwisho iliyothibitishwa, ambamo pale pana tundu, na tundu likisomwa hutoa sifuri. Hizo ndizo sekunde chache zako.

Ushauri uliousoma ni kweli nusu. Msync au fsync haihitajiki iwapo tu umeifungua faili kwa MAP_SYNC. Bendera hii iliingia kwenye Linux 4.15, Januari 2018. Ukiitumia, ukurasa unapoguswa kwa kuandikwa, mfumo wa faili unathibitisha kwanza ramani kwenye jarida, ndipo unakuruhusu kuandika. Kuanzia hapo clwb na sfence zinabeba mzigo wote.

Kuna mtego hapa ambao umewanasa wengi. Usiandike MAP_SHARED | MAP_SYNC. MAP_SHARED ya zamani hupuuza kimyakimya bendera isiyoijua, kwa hiyo mmap itafaulu na hutapata ulinzi wowote. Andika MAP_SHARED_VALIDATE | MAP_SYNC. Hapo, kama faili haiko kwenye DAX, mmap itakataa na kukurudishia kosa la EOPNOTSUPP. Afadhali programu igome kuwaka kuliko iwake na kukudanganya.

Utaona pia kasi inashuka kila unapogusa ukurasa mpya, kwa sababu kila mguso wa kwanza unadai jarida lithibitishwe. Watu hukimbilia fallocate, ya kutenga bloku mapema, lakini haitoshi: inatenga bloku zikiwa na alama ya "hazijaandikwa", na kuibadilisha alama hiyo nako ni mabadiliko ya ramani. Jaza faili yote kwa sifuri halisi kwa write, ita fsync mara moja, kisha ndipo uifungue kwa mmap. Baada ya hapo jarida halitakusumbua tena.

Sasa kuhusu kukomaa. DAX iliingia Linux 4.0 mwaka 2015 kwa ext4, ikichukua nafasi ya XIP, mtangulizi wake kwenye ext2, na XFS, mfumo mwingine wa faili, ikafuata kwenye 4.2. Kwa miaka kadhaa kila ukimaunti, kerneli ilikuonya kuwa ni kitu cha majaribio, na onyo hilo lilikuwa la haki. Je, faili ikikatwa wakati kadi ya mtandao bado inaandika moja kwa moja kwenye bloku zake? Je, faili mbili za XFS zikishiriki bloku moja kwa reflink, ukurasa ni wa nani? Hili la pili lilipata jibu kwenye Linux 6.0, Oktoba 2022. Kejeli ni kwamba Julai ya mwaka huohuo Intel ilikuwa imeshatangaza kuifunga biashara ya Optane. Programu ilikomaa chombo kikiondoka sokoni.

Kwa hiyo moduli mlizonazo zitumieni, ila msijenge mfumo unaotegemea kupata spea zake miaka ijayo. Tena RAID 1 ya Linux (kuandika nakala mbili kwenye vifaa viwili) haipitishi DAX, hivyo nakala ya pili itabidi programu yako yenyewe iitume kwenye mashine nyingine. Msimbo hautapotea: CXL 2.0, kiwango cha kuunganisha vifaa na prosesa, inatambua kumbukumbu ya kudumu, na virtiofs, inayoipa mashine pepe faili za mashine mama, inatumia DAX tangu 5.10 kwenye mashine pepe zisizo na moduli hata moja.

Kabla ya kurudisha programu kazini, ijaribu ndani ya QEMU, programu ya mashine pepe, yenye nvdimm (moduli ya kuigiza) inayotumia faili ya kawaida ya mashine mama. Endesha programu, kisha iue QEMU kwa kill -9. RAM ya mashine pepe itapotea pamoja na jarida ambalo halijathibitishwa, ila faili ya nvdimm itabaki. Fanya hivyo kwa MAP_SHARED kama ulivyo sasa, utaziona sifuri zako. Rudia kwa MAP_SYNC. Jaribio hili halikamati clwb uliyoisahau, kwa kuwa kache ya prosesa halisi haipotei QEMU inapokufa. Clwb zako zipitie kwa macho, mstari kwa mstari, au mwachie kazi hiyo pmem_persist ya maktaba ya libpmem.