Kwa nini kila siku Simba na Yanga?

Nimehariri kurasa za michezo kwa miaka mingi, na malalamiko haya, kwamba tunaandika klabu hizi mbili za soka na kuisahau michezo mingine, huyapata kila msimu. Leo nayajibu manne.

Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, asubuhi ile nilikimbilia meza ya magazeti. Sikukuta hata mstari mmoja. Kwa nini? (Msomaji, Mbulu)

Simbu alivuka utepe Septemba 15, 2025, kwetu ikiwa yapata saa tisa na dakika arobaini usiku. Muda huo magazeti yameshachapwa na mengine yako njiani kwenda mikoani. Kwa hilo siwalaumu wenzangu.

Lawama yangu iko kwenye siku zilizotangulia. Simbu hakuwa mgeni: alikuwa na shaba ya dunia ya London 2017, na Aprili mwaka uleule alishika nafasi ya pili Boston. Lakini Septemba 16 Simba na Yanga walikuwa wanakutana kwenye Ngao ya Jamii, mechi ya kufungua msimu wa soka, na mechi ya namna hiyo huandaliwa wiki nzima. Kuna mwandishi anayelala na kuamka kambini, kuna mpiga picha wa mazoezini, na kurasa hutengwa mapema. Mkimbiaji yeye husubiriwa ashinde kwanza. Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Najiuliza tungemwandika vipi kama zile sehemu tatu zingekwenda kwa Petros, na jibu linaniuma.

Si wasomaji wenyewe ndio wanaotaka Simba na Yanga? (Msomaji, Dodoma)

Wanataka, ndiyo. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936. Watu wamerithi ushabiki kutoka kwa babu zao. Simama karibu na meza ya magazeti asubuhi uone: watu kumi wamekunja mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari, anayenunua ni mmoja. Mhariri anamwinda huyo mmoja, na hataki kubahatisha.

Ongeza na fedha. Mwaka 2021 kampuni ya televisheni ya Azam Media ilisaini na Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Aliyelipa kiasi hicho lazima aisemee ligi asubuhi, mchana na jioni, na redio na magazeti hufuata gumzo lilipo. Ila hamu ya msomaji hulishwa. Hawezi kumdai mwanariadha ambaye hajawahi kusimuliwa habari zake. Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya soka ya wasichana, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India. Mtaani kwako, nani anaweza kukutajia wachezaji watatu wa kikosi kile?

Mwandishi aliniomba "nauli" ndipo aje kwenye pambano letu la ngumi. Ni sawa? (Msomaji, Morogoro)

Si sawa, na usimpe. Mpigie mhariri wake. Lakini ujue chanzo chake: wengi ni waandishi wa kujitegemea, hulipwa kwa habari iliyotoka, na nauli inatoka mfukoni mwao. Ndiyo maana mchezo wenye gari la kubeba waandishi huandikwa kuliko usio nalo.

Tulicheza netiboli siku nne, hakuja mwandishi hata mmoja. Tufanyeje? (Kocha, Mwanza)

Dada yangu, swali lako limenirudisha mbali. Kuna jioni nililetewa picha ya karatasi ya daftari: matokeo ya netiboli kwa kalamu ya bluu, mabao yamehesabiwa vizuri, jina la mfungaji hakuna. Nilikuwa na nusu saa kabla ya kufunga ukurasa. Nikaiweka pembeni, nikajaza nafasi kwa uvumi wa usajili. Simu moja tu ingetosha, na sikuipiga. Hadi leo najutia.

Kwa hiyo nawe usimwachie mhariri kisingizio. Ratiba itume wiki mbili kabla. Matokeo yafike kabla ya saa kumi jioni, yakiwa na majina mawili ya kila mfungaji na picha moja inayoonyesha mpira na uso. Tafuta mwandishi mmoja wa mkoani kwako, umtumie kila wiki, hata mkifungwa. Habari za Jumamosi hii anza kunitumia mimi.