Mgeni Amekuja na Kazi Yake

Nina fleti Kilimani, Nairobi, ninayokodishia wageni wanaofanya kazi mtandaoni. Ruta nimeiwekea betri ya mAh 8,800, lakini stima ikipotea mikutano ya wageni inakatika. Nimeuziwa feki?

Si lazima iwe feki. Hizo mAh ni za seli za volti 3.7, kwa hiyo una wati-saa (Wh) 32 hivi, yaani umeme wa kuendesha kifaa cha wati 32 kwa saa moja. Ruta ikila wati 12 na kisanduku cha faiba wati 8, hufikishi saa moja na nusu. Tena wengi huunganisha ruta pekee: mgeni anaona waifai imejaa, kumbe kisanduku cha faiba kimezima. Unganisha vyote viwili. Kwa saa 6 unahitaji Wh 120. Nunua ya 160, kwa sababu sehemu ya umeme wa betri hupotea njiani. Kisha muulize keateka kama mitambo ya faiba ya jengo iko kwenye jenereta. Mara nyingi jenereta huwasha lifti, pampu na taa za ngazi tu.

Na kabla ya kuongeza taa za urembo ukutani, nunua meza ya sentimita 73 hadi 75 kwenda juu, kiti kinachopanda na kushuka, na soketi mbili karibu. Kaunta ya jikoni si ofisi.

Kasi ya intaneti ya Mbps 50, zinatosha?

Swali hili mnalirudia bila kusema ni za kupakua au za kupakia. Simu ya video hutaka Mbps 3 au 4 za kupakia kwa kila mtu. Pima ukiwa umeketi kwenye meza ya mgeni, mlango umefungwa, saa mbili usiku.

Wageni wetu hotelini wanataka kifungua kinywa saa tano. Ni uvivu?

Hapana. Saa tatu asubuhi New York ni saa kumi jioni Nairobi, au saa kumi na moja majira yao ya baridi. Anayefanya kazi za huko hufunga laptopu saa sita au saba usiku. Ondoa bufee saa nne, bakisha mayai ya kuagiza, matunda na chai hadi saa sita. Lakini panga zamu mpya: mhudumu aliyeingia alfajiri asibebeshwe saa hizo bila malipo.

Jirani wanajenga. Niseme kwenye tangazo?

Ndiyo, na utaje saa za kelele.

Kwenye mkahawa wangu Westlands mtu anakaa saa nne kwa kahawa moja. Nizibe soketi?

Usizibe. Chapisha kwenye risiti nywila ya waifai inayodumu kwa saa mbili. Akiagiza tena, apate nyingine. Meza za watu wanne ziwe za chakula tu kuanzia saa sita hadi saa nane, na kibao kiseme hivyo kabla hajaketi.