Fuko wa Majivu: mnyama wa chini ya ardhi asiyewakalisha wachezaji bure

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Tunacheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu) toleo la tano, kwa kanuni za 2014. Nimetunga fuko mkubwa kama ng'ombe, maskani yake chini ya migomba. Nimempa kinga 18 (namba ambayo mshambuliaji lazima aifikie ili apige) na pointi 60 za uhai; anachomoza, anauma, anazama. Wahusika ni wanne wa leveli ya 3. Pambano lilivutwa mno na wachezaji walikuwa wakisubiri tu. Nirekebishe wapi?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Kosa liko kwenye kule kuzama. Akiwa ardhini amekingwa kabisa, hakuna anayeweza kumlenga. Mchezaji analazimika kuweka shambulio tayari na kungoja achomoze, kisha anakutana na kinga 18, ambayo mhusika mwenye nyongeza ya +5 anaivuka kwa 13 au zaidi kwenye dadu ya pande 20. Kwa hiyo anangoja, halafu anakosa.

Weka sharti hili: zamu aliyoshambulia, hazami tena. Anaweza kuzama mwanzoni mwa zamu, kusogea, kuchomoza kwingine na kupiga, lakini wachezaji wote wanne watamkuta juu zamu zao zikifika. Na anapozama mbele ya mtu aliye karibu, mtu huyo ana haki ya kumpiga pigo la nafasi, yaani pigo moja nje ya zamu yake. Usimnyime.

Sasa hesabu. Shusha kinga iwe 15. Mnyama wa ukubwa huo hutumia dadu za pande 10 kwa uhai: mpe 11, na Ustahimilivu 16 unaoongeza 3 kwa kila dadu, upate wastani wa pointi 93. Nguvu 16, makucha mawili kwa zamu, kila moja +5 kugonga na madhara ya dadu 2 za pande 8 kuongeza 3, yaani 12 kwa wastani. Jumla 24 kwa raundi. Hapo kiwango cha ugumu ni 3, sawa na pointi 700 za uzoefu. Kwa kundi lako pambano la wastani huanzia 600 na gumu 900, kwa hiyo umekaa pazuri.

Kinachobaki ni kumpa tabia, na hapo wilaya yenu ya Rungwe imekupa kila kitu. Ardhi yenu ni majivu ya volkano na vijiwe vyepesi vyenye vitundu, na chini yake kuna mwamba wa lava kama ule wa Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira. Basi achimbe futi 20 kwa zamu kwenye majivu, mwambani asipite kamwe. Chora mwamba huo kwenye ramani yako: wachezaji watatafuta pa kusimama, na uamuzi huo ndio utamu wa pambano. Ahisi mitetemo hadi futi 60, ila anayesimama tuli kwenye mwamba asihisiwe.

Wilayani humo pia hewa ya ukaa hutoka ardhini na kuvunwa kwa matumizi ya viwandani. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia mabondeni na mashimoni. Mpe fuko mkupuo wa hewa hiyo: kila aliye ndani ya futi 10 za shimo ajikinge kwa Ustahimilivu, shabaha 13 (arushe dadu ya pande 20, aongeze nyongeza yake, afikishe 13); akishindwa, anahesabiwa kuwa amedhurika kwa sumu hadi mwisho wa zamu yake ijayo. Mkupuo unarudi akipata 5 au 6 kwenye dadu ya pande sita. Kucha likigonga, mlengwa ajikinge kwa Nguvu, 13, ama aanguke. Na aliyelala chini hujikinga na hewa kwa dadu mbili akichukua ndogo. Toa dalili mapema: mwenge ukishushwa karibu na shimo, unazimika.

SWALI: Nitamjaribuje mnyama wangu kabla ya siku ya mchezo?
Msomaji, Iringa mjini

JIBU: Chukua karatasi za wahusika halisi, ucheze raundi nne peke yako, pande zote mbili. Angalia mhusika mwenye uhai mdogo kuliko wote: makucha yote mawili yakimgonga raundi ya kwanza, bado amesimama? Kama hapana, elekeza kucha moja kwa mtu mwingine. Raundi ya nne ikiisha na mnyama bado ana nusu ya uhai, punguza dadu za uhai kabla ya kugusa kinga. Kwa fuko wa juu, dadu 9 badala ya 11 zinampa 76.