Toa hiyo rm kwenye cron kabla hujalala

Mkuu, salamu baadaye. Umeuliza namna ya kufuta skani za zaidi ya siku 30, kupanga picha kwa mwaka, na kama Windows ni afadhali kuliko Linux. Mimi nimekwama kwenye mistari miwili ya skripti uliyobandika, ile inayoendeshwa na cron (kiratibu cha Linux kinachoendesha amri kwa saa uliyopanga):

cd /media/duka/skani
rm -rf *

Naijua hiyo: cd inaingia kwenye folda, rm inafuta vilivyomo. Niliandikiwa na "mtaalamu" mmoja hapa Mbeya, nikamlipa na supu juu. Nina steshenari Mwanjelwa, skani za wateja zinakaa kwenye diski ya nje, usiku cron inafagia. Ilifagia vizuri tu, mpaka kijana wa dukani alipochomoa diski ili achaji simu yake.

Folda haipo, cd ikagoma. Sasa sikia: cd ikigoma, skripti haisimami, inashuka mstari unaofuata. Na cron huanzia kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji. Kwa hiyo rm ilitii agizo vilevile, ila pale palipokuwa na kila kitu changu: ripoti za fildi za wanachuo wanaosubiri baindingi, picha za harusi ya shemeji kule Tukuyu, daftari la madeni. Wadaiwa wangu walifurahi sana, nawapongeza. rm haipeleki kitu kwenye pipa la taka. PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, ilirudisha baadhi, bila majina, nikawa nafungua picha moja moja namtafuta bwana harusi.

Nampigia mtaalamu, ananijibu: "Kwani bosi hukuwa na bakapu?" Supu yangu aliila bure yule.

Siku hizi skripti yangu haifuti. find inatafuta faili za zaidi ya siku 30 (-mtime +30), mv inazihamisha:

find /media/duka/skani -type f -mtime +30 -exec mv -n {} /home/duka/KARANTINI/ \;

Hakuna cd hapo. Diski isipokuwepo, find inalalamika na kuacha. -n inazuia kufunika faili lenye jina lilelile. Ile slashi ya mwisho usiiache: folda ya KARANTINI isipokuwepo, mv inagoma badala ya kuliita faili lako jina hilo. Kufuta ufute mwenyewe kwa mkono, mchana, ukiwa umeshakunywa chai. Na atakayekuletea -delete (find ifute yenyewe) mwambie aiweke mwisho kabisa, maana ikitangulia -mtime inafuta vyote, vipya kwa vya zamani.

Ya picha atakujibu mwingine. Wewe andika crontab -e kufungua orodha ya kazi za cron, weka # mbele ya ule mstari unaoita skripti ili usifanye kazi, halafu tuambie ulikuwa umeupangia saa ngapi.