Usiniombe Jedwali Langu, Pima Hewa Yako

Jumapili iliyopita kijana mmoja wa Arusha aliniandikia: "Kaka, naona Subaru Forester yako imetulia. Nitumie jedwali lako la sensa ya hewa niliweke kwenye yangu." Nilikaa na ujumbe huo siku mbili. Si uchoyo. Jedwali hilo ni orodha ya namba ndani ya kompyuta ya gari, inayogeuza volti za sensa kuwa gramu za hewa inayoingia kwenye injini. Mimi pia niliwahi kuomba jedwali la mtu, nikapewa, likaniulia injini.

Nilikuwa nimebadilisha bomba la kuingizia hewa. La mwanzo lilikuwa na kipenyo cha milimita 65 pale sensa inapokaa, jipya 70. Milimita tano ni kitu gani? Lakini eneo la ndani huongezeka kwa asilimia 16 hivi. Sensa yenyewe ni waya uliopashwa moto: hewa ikipita huupoza, na kompyuta husoma umeme unaohitajika kuurudishia joto. Bomba likipanuka, hewa ileile hupita polepole zaidi kwenye waya, volti zinashuka, kompyuta inaamini imeingia hewa kidogo na inapunguza petroli.

Jamaa niliyemwamini alinipa faili yenye jedwali lake, akaniapia kwamba bomba lake ni kama langu. Wiki tatu gari lilikwenda vizuri mno. Kwenye foleni za Nairobi, sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi ilikuwa inarekebisha kosa kimyakimya, nami nikawa namsifu yule jamaa kwa kila mtu. Mtego ulikuwa hapo. Ukikanyaga mafuta turbo, ile inayosukumia injini hewa ya ziada, ikajaa, kompyuta huacha kuisikiliza ile sensa na kufuata jedwali peke yake. Nikipandisha mwinuko wa Mai Mahiu na watu wanne ndani, injini ikaanza kugonga. Nikasingizia petroli. Tulipoifungua, pistoni ya nne ilikuwa imevunjika kingo za ringi.

Gari lilikaa juu ya mawe miezi minane. Nilipomrudia yule jamaa, alisema mbele ya mafundi wenzake kwamba sijui kuendesha gari la turbo. Nimeshapona hasara ya injini. Neno lile bado linaniuma.

Injini mpya ilipoingia sikuomba faili ya mtu. Nilinunua Tactrix OpenPort 2.0, kebo ya kuunganisha laptopu na kompyuta ya gari, nikapakua RomRaider, programu ya bure ya kurekodi na kuhariri majedwali, na nikafunga kwenye ekzosi sensa ya oksijeni inayosoma uwiano wa hewa na petroli kwa masafa mapana. Kabla ya kugusa namba yoyote nilitafuta mahali hewa inapovuja kati ya sensa na turbo, nikakuta kibano kimelegea. Ukipima gari linalovuja, unaandika uvujaji ndani ya jedwali.

Kisha nikarekodi. Mdogo wangu aliendesha, mimi nilishika laptopu. Katika mwendo wa kawaida nilijumlisha marekebisho mawili ya kompyuta, yale ya papo hapo na yale iliyojifunza. Kwenye volti 1.80 jumla ilikuwa asilimia 8 juu: kompyuta ilikuwa inaongeza petroli kwa sababu sensa inahesabu hewa pungufu. Kwa hiyo gramu za hewa za volti ile zilitakiwa kuzidishwa kwa 1.08. Turbo ikiwa imejaa, unalinganisha uwiano uliopimwa na ule ulioagizwa. Kompyuta iliagiza 11.1, ekzosi ikaonyesha 12.2; gawanya, unapata karibu 1.10, na hapo hewa inapandishwa kwa asilimia 10. Mimi huweka nusu ya badiliko kwanza, nalainisha mchoro usiwe na mabonde, kisha narekodi tena. Tupa vipande ambavyo mguu ulikuwa unapanda na kushuka, na vyote vya injini ambayo haijapata joto.

Watu huniambia sensa "inadanganyika" kwa sababu Nairobi iko juu. Hapana. Hii inapima uzito wa hewa, kwa hiyo hewa nyepesi ya mita 1,700 inahesabiwa kama ilivyo. Tatizo la hapa ni lingine: volti za juu kabisa huzifikii, sehemu ile ya jedwali inabaki ya kubahatisha. Ndiyo maana niliteremka Mombasa, kwenye hewa nzito ya usawa wa bahari, nikapata namba nilizokuwa nazikosa. Petroli ya safari ile siijutii hata kidogo.

Jumamosi niliyoisubiri mwaka mzima imefika: kuanzia injini ikinguruma bila kukanyagwa hadi turbo imejaa, hakuna sehemu yenye kosa linalozidi asilimia 3. Nilisimama kando ya barabara nikamwonyesha mdogo wangu ule mchoro. Hakuna aliyenipa.

Kwa hiyo, kijana wa Arusha, na wewe mwingine unayetaka gari lenye nguvu: acheni kuokota faili za watu. Jedwali ni la bomba moja, sensa moja, kichujio kimoja. Hata kichujio kilichopakwa mafuta kupita kiasi huchafua waya na kubadilisha usomaji. Rekodi. Rekodi tena. Usikanyage hadi mwisho kabla hujaona namba za kati zimekaa sawa, na ukisikia injini inagonga, toa mguu hapo hapo.

Nimemjibu hivi: anitumie rekodi ya dakika 20 ya gari lake, injini ikiwa na joto, mwendo wa kawaida, bila kukanyaga turbo. Na apime kipenyo cha bomba kwa ndani, pale sensa inapokaa. Nitakaa naye kwenye simu tuisome safu kwa safu.